Macho hayatoshi: uzi wa chokaa, chumvi na mizani

Mwanzisha uzi (Langoni, Lamu)

Assalamu alaikum wanajukwaa.

Ninafanya kazi katika maabara ya kemia ya shule moja hapa kisiwani, na kila mwaka, wanafunzi wanapofikia somo la maada na mabadiliko yake, huwasikia wakikariri maneno yaleyale: badiliko la kiumbo ni lile linaloweza kurudishwa, na badiliko la kikemikali ni lile lisiloweza kurudishwa. Huyaandika kwenye mtihani, hupewa alama, kisha huyasahau. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini kwamba kanuni hiyo, jinsi inavyokaririwa, haisimami hata kwa siku moja hapa Lamu, na kwamba anayestahili kuamua kama kitu kimebadilika si jicho bali ni mizani.

Tuanze na kuta zetu. Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa. Chokaa hiyo hupatikana kwa kuyachoma mawe yaleyale ya matumbawe juu ya rundo la kuni. Jiwe linaingia motoni likiwa jeupe, na likichomwa vizuri linatoka jeupe, likiwa na umbo lake na karibu ukubwa wake wa awali. Mtu anayehukumu kwa macho atasema kwamba jiwe limepata joto tu. Lakini ukilipima kabla na baada ya kulichoma, utakuta kwamba kila gramu 100 za kalsiamu kabonati zimebaki gramu 56 za kalsiamu oksaidi. Gramu 44 zimekwenda hewani zikiwa gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo hakuna aliyeiona ikitoka. Joseph Black, mwanakemia wa Uskoti, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1756, baada ya kupima kwa uangalifu uzito uliopotea katika magnesia na mawe ya chokaa yaliyochomwa. Hakuwa na kifaa cha kuiona gesi hiyo ikiondoka, ila alikuwa na mizani nzuri na subira ya kupima kabla na baada.

Sasa fuateni safari ya jiwe hilo. Fundi akilimwagia maji, zile gramu 56 hunyonya gramu 18 za maji, zikatoa joto kali linaloweza kuyachemsha maji yenyewe, na jiwe likapasukapasuka na kuwa unga wa gramu 74, ambao ni kalsiamu haidroksaidi. Unga huo ukakorogwa, ukapakwa ukutani, na kwa majuma, miezi, hata miaka, ukawa unairudisha taratibu kabonidayoksaidi kutoka hewani na kuyaachilia yale maji. Gramu 74 zinachukua 44, zinatoa 18, na hesabu inarudi 100. Lipu ya ukuta wa kale ni jiwe lilelile lililosafiri likarudi, kwa mabadiliko matatu ya kikemikali mfululizo. Je, tutaendelea kuwaambia watoto kwamba badiliko la kikemikali halirudi?

Upande wa pili kuna chumvi. Ukiitia katika maji, inatoweka kabisa machoni, na mtoto asiyefunzwa ataapa kwamba imekwisha. Weka bika juu ya mizani: gramu 100 za maji na gramu 20 za chumvi ni gramu 120, kabla ya kukoroga na baada ya kukoroga. Mahali ambapo macho yanasema kwamba kitu kimetoweka, mizani inasema kwamba kipo chote, na mahali ambapo macho yanasema kwamba hakuna kilichobadilika, mizani inasema kwamba karibu nusu imekwenda zake.

Ningependa kusikia kutoka kwa walimu, wanafunzi na hata mafundi: mnapima vipi, na vipimo vyenu vimewahi kuwaambia nini ambacho macho yalikificha?

Mwanafunzi (Malindi)

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa uzi huu kwa sababu una uhusiano na jambo lililonikuta. Tulipewa kazi ya kupima gramu 4 za sodiamu haidroksaidi, zile chembe nyeupe zinazofanana na dengu. Niliziweka juu ya karatasi kwenye mizani ikasoma 4.00. Nilipoinamisha kichwa ili niandike, nikainua tena, ikasoma 4.02. Nikapunguza chembe moja ndogo, nikasubiri, ikaanza tena kupanda. Mwishowe niliandika namba zote tatu kwa sababu sikujua ipi ndiyo ya kweli, na nikaambiwa kwamba sikuwa makini, na kwamba matokeo yangu hayafai. Mpaka leo sijui kosa langu lilikuwa wapi.

Mwanzisha uzi (Langoni, Lamu)

Marahaba, mwanangu. Hukukosa katika kusoma, na kuandika namba zote tatu ndilo jambo bora ulilolifanya siku hiyo. Sodiamu haidroksaidi hunyonya unyevu wa hewa kwa nguvu, na hunyonya pia kabonidayoksaidi. Ukiziacha chembe zile mezani katika hewa ya Malindi au ya Lamu, ambayo imejaa mvuke wa bahari, utaziona kwanza zinang'aa kama zilizopakwa mafuta, kisha zinalowa, kisha zinakaa ndani ya kidimbwi chao wenyewe. Mizani ilikuwa inakuambia kweli kila mara: ulikuwa unapima kitu ambacho kila sekunde kinazidi kuwa kizito. Ulichokosa kuelezwa ni utaratibu. Dawa ya namna hii haipimwi juu ya karatasi. Hupimwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, kwa haraka, na mtu hang'ang'anii kupata 4.00 kamili. Akipata 4.07 anaandika 4.07, na hesabu zote zinazofuata anazifanya kwa 4.07. Kusukumasukuma chembe ili namba ipendeze ndiko kunakoharibu kazi.

Kuna maadui wengine wa mizani ambao sisi wa pwani tunaishi nao. Madirisha yetu hufunguliwa ili upepo wa kusi uingie, nao upepo huo huigusa sahani ya mizani, kwa hiyo tarakimu ya mwisho hucheza bila kutulia. Funga dirisha kwa dakika mbili. Tena, usipime chombo kilichotoka motoni sasa hivi, kwa kuwa hewa iliyopashwa joto hupanda juu yake na kukifanya kionekane chepesi kuliko kilivyo. Kiache kipoe, na kama kilichomo ndani kinapenda maji, kipoe kikiwa kimefunikwa.

Kwa kuwa umeuliza juu ya kusoma, niongeze la silinda ya kupimia. Maji yaliyomo ndani ya kioo hujipinda pembeni, yakapanda kidogo ukutani, hivyo uso wake ni kama sahani iliyobonyea. Husomwa sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo huo, jicho likiwa sawasawa nao. Mwanafunzi mrefu anayesoma akiwa amesimama huku silinda iko mezani atasoma zaidi ya kilichomo, na aliyeinama mno atasoma pungufu. Mimi huwaambia wapige magoti. Na kama silinda ina mistari ya sentimita moja ya ujazo, unaweza kukadiria nusu ya nafasi, ukaandika 43.5. Ukiandika 43.52 umeandika tarakimu ambayo chombo hakikukupa, na tarakimu isiyotoka kwenye chombo ni uongo hata kama haukukusudiwa.

Mfanyabiashara wa nafaka (Lamu)

Mimi si mtu wa maabara, lakini jambo hili la kupima ni la biashara kabla ya kuwa la shule. Wazee wetu walikuwa na kibaba na pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Ugomvi wa sokoni haukuwa juu ya chombo, kwa maana chombo ni kilekile. Ugomvi ulikuwa juu ya kama kipimo ni kibaba cha tele, yaani kilichojazwa kikafanya kilima, au ni kibaba cha mfuto, yaani kilichofutwa sawasawa na ukingo. Na hata kwa mfuto, mchele uliotikiswa hukaa mwingi zaidi kuliko mchele uliomiminwa polepole. Mwalimu atuambie: je, nyinyi maabara mmeondokana na tele na mfuto?

Mwanzisha uzi (Langoni, Lamu)

Mzee wangu, umegonga penyewe. Tele na mfuto ndiyo sababu ya wanakemia kuutegemea uzito kuliko ujazo kila wanapoweza. Ujazo hubadilika bila kitu kuongezeka wala kupungua. Chukua sentimita 50 za ujazo za maji na 50 za spiriti halisi, uzichanganye katika silinda moja: hupati 100, unapata karibu 96. Hakuna kilichomwagika wala kilichopaa. Chembechembe za vimiminika hivyo viwili zimepangana kwa kubanana zaidi, kama mchele wako uliotikiswa. Lakini ukiupima uzito kabla na baada, hauna tofauti hata kidogo.

Na kuhusu chombo cha kuaminiwa na wote, dunia nzima iliitegemea kwa miaka mingi silinda ndogo ya platini na iridi, iliyohifadhiwa Sèvres karibu na Paris, kuwa ndiyo kilo moja. Ilikubaliwa rasmi mwaka 1889. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande chochote cha madini, bali thamani isiyobadilika ya maumbile iitwayo thabiti ya Planck.

Mchangiaji (Gongoni, kaskazini mwa Malindi)

Nimefanya kazi ya chumvi kwa miaka kadhaa katika mashamba ya huku kwetu, na nimefurahi kuona chumvi imetajwa, ingawa naona mwalimu ameipitia haraka. Watu wengi hufikiri kwamba kazi yetu ni kuyaacha maji ya bahari yakauke, kisha tuchote kilichobaki. Tungefanya hivyo, hakuna mtu ambaye angeila chumvi yetu, maana ingekuwa chungu.

Kila kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvichumvi, lakini si zote za mezani. Maji huingizwa katika madimbwi mapana yenye kina kidogo, jua na upepo vikayapunguza, yakahamishwa kutoka dimbwi hadi dimbwi. Katika hatua za mwanzo hujitenga chokaa kidogo, yaani ile kalsiamu kabonati ya mwalimu, kisha jasi. Hizo tunaziacha nyuma zikiwa zimeganda chini. Chumvi yenyewe huanza kuganda pale maji yanapokuwa yamepungua hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa kwanza. Na hatungoji yakauke yote. Maji yanayobaki mwishoni huwa na magnesiamu nyingi, na ndiyo yenye uchungu, kwa hiyo huyaondoa kabla hayajaganda.

Sasa, tunajuaje wakati? Maji ya dimbwi la tatu na ya dimbwi la sita yote ni maji machoni. Tunatumia haidromita, yaani kibomba cha kioo kilichotiwa uzito chini, ambacho huelea wima. Katika maji matamu huzama sana, na kadiri maji yanavyokuwa mazito ndivyo kinavyoinuka. Maji ya bahari yana densiti, yaani gramu katika kila sentimita ya ujazo, ya karibu 1.025, chumvi huanza kuonekana maji yakifika karibu 1.21, na yakikaribia 1.25 tunayafungulia yaende. Nakumbuka asubuhi yangu ya kwanza: niliinama ukingoni mwa dimbwi, kibomba kikielea kimya ndani ya mtungi wa plastiki, na juu ya uso wa maji nikaona vijipande vidogo vya mraba, vyembamba kama magamba ya samaki, vikiogelea pamoja kisha vikizama kimoja kimoja. Msimamizi wetu hakuviangalia vile vijipande kabisa. Aliangalia mstari wa haidromita tu, akaandika namba kwenye daftari, ndipo akanionyesha kwa kidole: chumvi imeanza.

Naomba mwalimu asiseme tu kwamba chumvi ni badiliko la kiumbo, akaishia hapo. Katika badiliko hilohilo la kiumbo kuna utenganishaji wa vitu vinne au vitano, kila kimoja kwa zamu yake, kwa sababu kila kimoja kina kiwango chake cha kuyeyuka majini.

Mwanzisha uzi (Langoni, Lamu)

Ndugu yangu wa Gongoni, nimekubali, na nitayatumia maelezo yako darasani. Densiti ni sifa ya maada ambayo haitegemei wingi wake: kijiko cha maji ya dimbwi lako na pipa zima vitasoma namba ileile. Ndiyo maana inatambulisha kitu, jambo ambalo uzito peke yake hauwezi.

Muuza mafuta ya nazi (Malindi)

Mimi nina swali fupi. Nilimpelekea mteja wa Nairobi chupa za mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe, yakiwa majimaji na angavu. Alinipigia simu akidai kwamba nimemtilia samli au nta, kwa sababu yameganda yakawa meupe. Nimemrudishia fedha zake. Je, mafuta yaliharibika njiani?

Mwanzisha uzi (Langoni, Lamu)

Hapana, mama, na inasikitisha kwamba ulirudisha fedha. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hadi 25 hivi za selsiasi. Malindi ni nadra joto kushuka chini ya hapo kwa muda mrefu, lakini usiku wa Nairobi hushuka sana, kwa hiyo ni lazima yagande. Mwambie aitie chupa katika maji ya uvuguvugu, na mafuta yatarudi kuwa majimaji, uzito uleule, harufu ileile. Hilo ni badiliko la kiumbo. Mafuta yakianza kutoa harufu ya kuvunda na ladha ya kukwaruza koo, hapo ndipo oksijeni na unyevu vimeyageuza kuwa vitu vingine, na hakuna maji ya uvuguvugu yatakayoyaponya.

Kwa walimu: tofauti ya Nairobi na pwani inafaa pia kwa somo la kuchemka. Kipimajoto chetu kikiwekwa katika maji yachemkayo hapa usawa wa bahari husoma karibu nyuzi 100, na huko Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, husoma takriban 95. Ukitaka kukihakiki kipimajoto kipya, sisi wa Lamu tuna bahati: barafu inayoyeyuka hutupa 0 na maji yachemkayo hutupa 100, bila hesabu ya ziada.

Mwashi (Mkomani, Lamu)

Mwalimu, nimesoma yote. Nimechoma na kuzima chokaa, yaani kuimwagia maji, tangu ujana, na hesabu yako ya 100 na 56 ni nzuri kwenye karatasi, lakini tanuri halifuati karatasi. Kila tukizima chokaa tunapata vipande vigumu visivyopasuka hata ukiviloweka usiku kucha. Kipande kama hicho kikipenya kwenye lipu, kinaacha shimo. Kwa nje jiwe hilo linafanana na wenzake. Hiyo mizani yako ingeweza kuniambia nini kabla sijamwaga maji?

Mwanzisha uzi (Langoni, Lamu)

Fundi, swali lako lilinifanya nifanye kazi kabla ya kujibu. Nilichukua kipande cha jiwe la matumbawe kutoka kwenye ukuta uliobomoka, nikakiosha, nikakikausha, nikakipima: gramu 50.0. Nikakichoma kwa mkaa na mvukuto kwa saa tatu, nikakipoza ndani ya kopo lililofunikwa ili kisinyonye unyevu, kwa sababu chokaa ina tabia ileile ya dawa ya yule mwanafunzi wa Malindi. Kama jiwe lote lingeungua, ningepata gramu 28.0. Nilipata 31.6.

Ziada ni gramu 3.6, na hiyo ni gesi ambayo haikutoka. Kwa kuwa kila gramu moja ya jiwe hutoa gramu 0.44 za gesi, nikagawa 3.6 kwa 0.44, nikapata 8.2. Nikaandika kwenye daftari, kabla ya kugusa maji: ndani ya jiwe hili kuna kiini kibichi cha gramu 8.2 hivi. Kisha nikavaa miwani ya kinga, jambo ambalo nawasihi nyote mlifanye, maana chokaa ikiruka jichoni hupofusha, nikamwaga maji kidogo kidogo. Sehemu ya nje ilipata joto kali, ikatoa mvuke, ikapasuka na kumomonyoka. Katikati kikabaki kipande kigumu chenye ukubwa wa kokwa ya tende. Nilikiosha, nikakianika, na kesho yake kikasoma gramu 7.9. Sehemu iliyopungua naamini ilikwenda na maji nilipokuwa nakisugua. Nilikidondoshea siki, kikatoa povu la mapovu madogo kama jiwe lolote bichi la kalsiamu kabonati. Ule unga wa pembeni nilipoudondoshea siki haukutoa povu.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Chagua jiwe, lifunge waya ili ulitambue, lipime likiwa kavu kabla ya kulipanga kwenye tanuri, na ulipime tena likipoa, kabla halijakaa hewani. Likiwa limebaki karibu na 56 katika kila 100, tanuri limeiva. Likiwa 60 au zaidi, kuna viini.

Mwashi (Mkomani, Lamu)

Nimekuelewa. Kuni za tanuri lijalo zimekwisha kupangwa. Nitafunga mawe matatu, moja chini, moja katikati na moja ukingoni, kwa sababu siku zote nimeshuku kwamba ya ukingoni hayapati moto wa kutosha. Naomba tu uniazime mizani, na uje mwenyewe siku ya kupakua ili tuyapime yangali na joto la mkono, kabla upepo wa bahari haujayafikia.